Diski ya kuhariria video si diski yoyote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu makala ya gazeti lako iliyozungumzia vijana wanaojiajiri kwa kupiga na kuhariri video za harusi, mahafali na shughuli za kidini. Makala ile niliisoma kwa furaha, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo inayonilisha mimi na wanangu hapa Tanga kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na ni nadra kuiona ikielezwa kama kazi yenye ujuzi wake. Mwandishi alifafanua vizuri habari za kamera, lenzi, maikrofoni na hata namna ya kuandikiana mkataba na mteja. Alipofika kwenye chombo cha kuhifadhia picha, hata hivyo, aliandika sentensi moja tu, kwamba kijana anunue "diski ya nje yoyote yenye terabaiti mbili". Neno hilo "yoyote" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mteja anaponipa harusi yake niipige picha, anachonikabidhi ni amana. Kamera ikiharibika siku ya shughuli ninaweza kuazima ya mwenzangu, na kompyuta ikigoma ninaweza kumsubiri fundi, lakini ndoa hairudiwi ili mpiga video apate nafasi ya pili. Tangu picha zinapotoka kwenye memori kadi hadi mteja anapopokea kazi yake, jambo linaloweza kuchukua wiki sita au zaidi, amana hiyo yote inakaa ndani ya kijisanduku kinachotosha kiganjani. Sioni kifaa kingine katika kazi yetu kinachobeba mzigo mkubwa hivyo na kununuliwa kwa haraka hivyo.

Nianze na hesabu, kwa sababu wauzaji wengi na wanunuzi wengi hutazama ukubwa wa diski na kuisahau kasi yake. Kasi ya video hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali kasi ya diski hutajwa kwa megabaiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti nane. Anayechanganya vipimo hivi viwili hukosea mara nane. Kamera nyingi za HD tunazotumia katika harusi hurekodi picha ya vitone 1920 kwa 1080 kwa kiwango cha megabiti 24 hadi 50 kwa sekunde, yaani megabaiti tatu hadi sita na kidogo. Kiwango hicho hakiishindi diski yoyote iliyo dukani. Muuzaji anapofungua video moja mbele ya mteja na kusema "unaona, haikwami", anasema kweli, ila kuitazama video moja si kazi ya mhariri.

Kazi ya mhariri huanza pale picha za kamera tatu zinapowekwa sambamba ili achague, sekunde kwa sekunde, ipi ionekane. Zaidi ya hayo, video inayotoka kwenye kamera hizo imebanwa sana, na fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazopita kila sekunde, hutegemea fremu jirani ili iweze kufunguliwa, hivyo kompyuta hutaabika kuisoma. Wengi wetu huibadilisha kwanza iwe katika muundo ulioundwa kwa ajili ya kuhariri, kama ProRes au DNxHD, ambao huipumzisha kompyuta lakini huihamishia diski mzigo. ProRes 422 HQ, kwa picha ya HD ya fremu 25 kwa sekunde, huhitaji megabiti 184 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 23. Kamera tatu kwa pamoja ni megabaiti 69 kila sekunde bila kupumzika, kabla hujaongeza muziki, maandishi na picha za mnato. Na tukihesabu nafasi, saa moja ya muundo huo hula gigabaiti 83 hivi. Shughuli ya saa sita iliyopigwa kwa kamera tatu ni saa kumi na nane za picha, sawa na takriban terabaiti moja na nusu. Diski ya terabaiti mbili, ambayo kompyuta ya Windows huionyesha kuwa 1.81 kwa sababu ya tofauti ya namna ya kuhesabu, imekaribia kujaa kwa harusi moja.

Hapo ndipo umbo la diski lenyewe linapoanza kuwa na maana. Ndani ya diski ya kawaida, ile ya kuzunguka, mna sahani zinazozungushwa mara 5,400 au mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachohama huku na huku juu yake. Diski ndogo ya inchi mbili na nusu inayozunguka mara 5,400 inaweza kusoma faili moja lililopangwa vizuri kwa zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, na mtu akilinganisha na zile 69 atadhani imetosha. Lakini mafaili matatu ya kamera tatu hayakai mahali pamoja. Kichwa hulazimika kuruka kutoka faili hadi faili, na kila kinapofika kinasubiri sahani izunguke hadi sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Mzunguko mmoja wa diski hiyo huchukua milisekunde 11. Ukizijumlisha subira hizo kwa saa nzima ya kazi, picha hukwamakwama, sauti huachana na midomo, na mhariri huilaumu kompyuta. Tena kasi haiko sawa kote katika sahani: ukingoni mwa nje data hupita kwa wingi chini ya kichwa, na kadiri diski inavyojaa na kuandika kuelekea katikati kasi hushuka hadi karibu nusu. Ndiyo maana diski iliyokuwa hodari mwezi wa kwanza huonekana mzembe ikishajaa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana anayeanza ni kwamba diski ya kufanyia kazi iwe SSD, ambayo haina sahani wala kichwa cha kuhamahama, hata kama italazimu anunue ya terabaiti moja badala ya mbili. SSD ya nje ya kawaida husoma megabaiti 400 hadi 450 kwa sekunde kupitia USB 3.0, na zile za kisasa zaidi hufika 1,000 kupitia mlango unaoziruhusu. Asiyeweza kuimudu, au ambaye kazi yake katika ProRes haitoshei humo, asikate tamaa. Programu kama Premiere Pro, Final Cut Pro na DaVinci Resolve zote humruhusu mhariri atengeneze nakala nyepesi za picha zake, akate kwa kutumia hizo, kisha programu irudi kwenye picha halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Njia hiyo imeniendesha miaka mitano nikiwa na diski za kuzunguka tu, na wateja hawakuona tofauti.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la waya, kwa kuwa nimeona wenzangu wakinunua diski nzuri kisha wakaifunga miguu. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, na katika matumizi halisi hutoa megabaiti 30 hadi 40. USB 3.0 iliyotangazwa mwaka 2008 iliongeza hadi gigabiti tano. Diski ya kasi ikichomekwa kwenye mlango wa zamani, au kwa waya wa zamani, hutii kasi ya zamani wala haimwambii mtu. Mlango wa USB 3.0 mara nyingi huwa na plastiki ya buluu ndani, na hilo lilitusaidia kwa miaka mingi. Siku hizi umekuja mlango wa mviringo wa aina ya C, na wengi wanaamini kwamba umbo hilo peke yake ni ushahidi wa kasi. Sivyo. Waya nyingi za kuchajia simu zenye ncha ya C hubeba data kwa kasi ileile ya mwaka 2000, na kwa macho huwezi kuzitenganisha na waya uliokuja na diski. Mimi huufunga waya wa kila diski kwa utepe wa rangi moja na diski yake, na hauendi kuchaji simu ya mtu. Majina nayo yamevurugwa na wenye viwango wenyewe: kasi ya gigabiti tano iliyoitwa USB 3.0 iliwahi kuitwa USB 3.1 Gen 1 na baadaye USB 3.2 Gen 1, bila chochote kubadilika. Mnunuzi aulize ni gigabiti ngapi kwa sekunde, aliache jina.

Kuna jambo jingine ambalo sanduku la diski halilisemi. Baadhi ya diski za kuzunguka huandika data kwa mtindo uitwao SMR, ambapo njia za data hupandishwa moja juu ya nyingine kama vigae vya paa ili nyingi zitoshe mahali padogo. Mtu akitaka kubadilisha kigae cha chini hana budi kuviinua vya juu yake, na diski hizi hufanya vivyo hivyo: kuandika upya sehemu moja huzilazimu kuandika upya na sehemu za jirani. Kwa kuhifadhi kitu kinachokaa bila kuguswa hazina ubaya. Kwa kazi ya kuhariri, ambamo mafaili hufutwa na kuandikwa siku nzima, kasi yake huweza kuporomoka ghafla hadi mtu akadhani diski imekufa. Mwaka 2020 ilijulikana hadharani kwamba kampuni zote tatu zinazotengeneza diski za kuzunguka, yaani Western Digital, Seagate na Toshiba, zilikuwa zimeuza baadhi ya diski za aina hiyo bila kuwaeleza wanunuzi, na baada ya malalamiko zikatoa orodha. Orodha hizo zinasomeka kwenye tovuti zao, na muuzaji mwenye simu anaweza kuzitazama kwa dakika mbili akiwa na mteja mbele yake. SSD za bei ya chini nazo zina la kwao: huandika kwa kasi kubwa gigabaiti za mwanzo, na sehemu ile ya haraka ikijaa hushuka, nyingine hadi chini ya megabaiti 100 kwa sekunde. Anayehamisha kadi tatu za kamera usiku wa harusi huligundua hilo saa nane za usiku.

Sasa nieleze lililonipata, si kwa kutaka kuhurumiwa, ila kwa sababu limenifunza zaidi ya maelezo yoyote ya kitaalamu. Mwaka 2016 nilikuwa nahariri harusi ya binti mmoja wa Pongwe kwa kutumia diski moja ya kuzunguka, ndogo, isiyo na adapta. Ilikuwa kwenye kiti kando ya meza, ikifanya kazi. Mtoto alipita akakwaa waya, diski ikaanguka sakafuni kutoka kimo kisichozidi goti. Ilianza kutoa mlio wa kugongagonga na haikuonekana tena kwenye kompyuta. Baadaye fundi wa Dar es Salaam alinionyesha sahani zake zikiwa na mikwaruzo. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Diski ikianguka huku inazunguka, kichwa kinakwangua uso wa sahani pamoja na data iliyokuwapo. Kadi za kamera nilikwisha kuzifuta kwa kuwa Jumapili nilikuwa na kazi nyingine. Miongoni mwa vilivyopotea ni dakika zile za baba akimshika mkono bwana harusi na kumwozesha binti yake. Mzee yule alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata. Binti alinijia kuniuliza kama haikubaki walau sauti. Fedha zote nilikwisha kumrudishia, na swali lake halikuhusu fedha.

Tangu siku hiyo sifuti kadi hadi picha ziwe katika diski mbili zilizo mahali pawili, na nakala ya tatu hutengenezwa kazi inapoendelea. Mpigapicha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeueneza utaratibu huu kwa namba tatu rahisi: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kwangu mimi ya kwanza iko kwenye SSD ninayofanyia kazi, ya pili kwenye diski kubwa ya kuzunguka iliyo kabatini, na ya tatu kwenye diski nyingine ya kuzunguka iliyo nyumbani kwa dada yangu Muheza. Hapa ndipo diski za kuzunguka zinapofaa, maana kwa fedha ileile hutoa nafasi kubwa zaidi ya SSD, na kwa kukaa muda mrefu bila umeme naziamini kuliko SSD iliyotumika sana, ambayo chaji inayoshikilia data huweza kuvuja polepole, na joto huharakisha kuvuja huko. Wapo wanaonunua sanduku lenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja wakadhani wamemaliza. Sanduku hilo humlinda mtu diski moja ikifa. Halimlindi akifuta faili kwa bahati mbaya, wala mwizi akilibeba.

Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayohifadhi data za watu kwa kutumia diski nyingi mno, huchapisha kila mwaka idadi ya zinazokufa. Mwaka 2020 zilikufa asilimia 0.93, na mwaka 2023 asilimia 1.70. Idadi hiyo inaonekana ndogo, lakini diski hizo hukaa kwenye vyumba vya baridi, haziangushwi, na umeme wake haukatiki. Zetu hupanda bodaboda, hukaa kwenye unyevu wa pwani wenye chumvi, na hupoteza umeme katikati ya kuandika. Diski kubwa ya inchi tatu na nusu inayotegemea adapta ya ukutani inahitaji kifaa cha kushikilia umeme kwa dakika chache ili mtu aizime kwa utaratibu. Hili ningeliweka kwenye bajeti kabla ya lenzi ya pili.

Kuhusu bidhaa bandia nitasema kwa ufupi ingawa linaniuma. Kijana mmoja aliniletea SSD iliyoandikwa terabaiti 16, aliyoinunua kwa bei isiyofikia ya terabaiti moja halisi. Tulipoifungua tulikuta memori kadi imegundishwa kwenye kibao kidogo. Vifaa hivi hupangwa viidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Majina ya mafaili huonekana yote, lakini yaliyopita uwezo halisi hayana kitu ndani. Programu za bure H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux hujaza diski nzima kisha huisoma tena kuhakiki. Kwa diski ya kuzunguka ya terabaiti mbili kazi hiyo huchukua takriban saa kumi na moja, yaani usiku mmoja, na usiku huo kila diski mpya ninayonunua huulipa kabla sijaiwekea picha ya mtu.

Diski pia huuzwa zikiwa zimeandaliwa kwa mifumo tofauti ya kupanga mafaili. Ule wa zamani wa FAT32 haukubali faili linalozidi gigabaiti nne, ambazo kwa ProRes 422 HQ ni kama dakika tatu tu za picha. Mfumo wa exFAT husomwa na Windows na Mac zote mbili, na unafaa kwa anayepeleka kazi kwa wenzake, lakini hauna daftari la kumbukumbu la kuujenga upya umeme ukikatika au waya ukichomolewa ghafla. Anayefanya kazi kwenye kompyuta ya aina moja tu atumie mfumo wa kompyuta hiyo.

Kwa wauzaji wa Kariakoo, wa barabara ya Luthuli kule Nairobi na wa hapa kwetu Tanga, ombi langu ni dogo: pembeni ya bei na ukubwa, waandike kama diski ni ya kuzunguka au ni SSD, ni gigabiti ngapi kwa sekunde, na kama ni ya mtindo wa SMR. Na wamruhusu mnunuzi aje na kompyuta yake, anakili faili la gigabaiti 50 palepale dukani huku saa ikihesabu. Duka moja hapa mjini limekubali kufanya hivyo, na mimi ninapeleka wanafunzi wangu huko.

Kwako wewe, Mhariri, ninaomba kwamba makala ile ikichapishwa tena, au ikiwekwa kwenye mtandao wa gazeti, sentensi ile irekebishwe isomeke hivi: kijana anunue SSD ya terabaiti moja kwa kazi, na diski mbili za kuzunguka kwa kuhifadhi, moja ikae nje ya nyumba yake. Ni maneno machache tu yanayoongezeka, na najua wapo vijana watakaokwenda dukani wakiwa na ukurasa huo mkononi.

Wako katika kazi,
Mhariri wa video,
Tanga